Nyumba ya kibarua: vyumba vitatu, dirisha linalofunguka na nusu ekari ya bustani

SEHEMU YA 1: Nesi na nyumba wapi na wapi?

Kwenye mfululizo uliopita tuliongelea kikohozi cha watoto, na maswali mengi yalirudi palepale: "Nesi, nimempa dawa, kapona, wiki tatu baadaye kaanza tena." Mimi huwa najibu kwa swali: mnalala wangapi chumba hicho, na dirisha lenu linafunguka?

Kwa hiyo safari hii tunasoma historia kidogo. Msikimbie, haina mtihani. Nawapeleka mbali, Ayalandi, kisiwa cha mvua na baridi kilichoko magharibi ya Uingereza, tukaitazame nyumba ndogo ya kibarua wa shamba. Nyumba hii iliwekwa kwenye sheria, ikachorewa ramani, ikajengwa kwa maelfu, na nyingi zinakaliwa na watu mpaka leo.

Nimeichagua kwa sababu moja. Kwa miaka mingi mtoto wa kibarua akiugua, aliyelaumiwa ni mama yake: mchafu, mvivu, hajui kulea. Halafu ikafika siku sheria ikaacha kumkodolea macho mama, ikaanza kuikagua nyumba. Nataka tuone kilichobadilika ndani ya kuta hizo, na kwa nini bado kinatuhusu.

SEHEMU YA 2: Chumba kimoja cha udongo

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza, iliyokuwa inaitawala Ayalandi, ilihesabu watu pamoja na nyumba zao. Nyumba ziliwekwa katika madaraja manne. Daraja la nne, la chini kabisa, lilikuwa nyumba ya udongo yenye chumba kimoja tu. Daraja la tatu nalo lilikuwa la udongo, ila lilikuwa na vyumba viwili hadi vinne, na madirisha.

Sasa shika namba hii: nyumba za daraja la nne zilikuwa karibu nusu milioni. Katika kila nyumba tatu za nchi nzima, zaidi ya moja ilikuwa ya namna hiyo.

Kwa Kiayalandi kibanda kile kiliitwa bothán. Kuta zake zilikuwa za udongo uliokandwa na mabua. Paa ni nyasi au mabua ya ngano. Sakafu ni udongo wa kushindilia, na mvua ya kule ikishika inanyesha siku nyingi, kwa hiyo unyevunyevu ulipanda toka chini na kuingia toka ukutani. Kitanda mara nyingi kilikuwa majani makavu yaliyotandikwa chini, familia nzima ikalala pamoja ili kupata joto.

Najua wapo mtakaosema, "Nesi, mbona hiyo ni nyumba ya bibi kijijini?" Udongo wenyewe hauna kosa. Nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri ni nyumba nzuri. Tofauti ni kwamba kwetu maisha mengi yanakwenda uani: tunapika nje, tunasuka nje, mtoto anaogeshwa nje, jua linatupiga. Kule baridi inawafungia ndani miezi mingi. Kupika, kula, kujifungua, kuugua na kufa, vyote vilifanyika kwenye chumba hicho kimoja.

Halafu kuna moshi. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo walichoma udongo mweusi wa mabwawani, unaokatwa vipande kama matofali na kuanikwa mpaka ukauke. Unawaka taratibu na moshi wake ni mwingi. Vibanda vingi vya daraja hili havikuwa hata na bomba la kutolea moshi. Moshi ulitafuta tundu la paa, au ulitokea mlangoni.

Mlango wenyewe katika nyumba nyingi za vijijini ulikuwa umekatwa katikati. Nusu ya chini inafungwa, nusu ya juu inaachwa wazi. Mama mwenye mtoto anayetambaa ameshaelewa kazi yake: kuku wasiingie, mtoto asitoke, na mwanga upite. Walikuwa watu wenye akili zao, wakitumia walichokuwa nacho.

SEHEMU YA 3: Kila "uchafu" ulikuwa na sababu

Wasafiri wengi kutoka Uingereza waliopita vijiji hivi waliandika kwa kukunja pua. Waliona nguruwe analala ndani na watoto. Waliona lundo la samadi mlangoni. Waliona nyumba haina dirisha. Wakahitimisha: watu hawa ndivyo walivyo.

Hebu tuchukue moja moja.

Nguruwe. Familia ya kibarua haikumfuga ili imle. Ilimnenepesha, ikamuuza, ikalipa kodi. Nguruwe akifa kwa baridi, kodi imekufa, na kodi ikikosekana mnatolewa nje. Wewe ungemlaza wapi?

Samadi. Chakula chao kilikuwa viazi, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu viazi pekee ndivyo vingeweza kulisha familia kwenye kipande kidogo cha ardhi. Viazi bila samadi havikui vizuri. Kiwanja hawana, kwa hiyo lundo linakaa pale pale penye nafasi, mbele ya mlango.

Dirisha. Kioo ni pesa. Tundu bila kioo linaingiza baridi. Na kuna jambo lingine: ardhi haikuwa yao. Wapangaji wengi waliogopa kuitengeneza nyumba ionekane nzuri, kwa sababu mwenye ardhi angeweza kupandisha kodi.

Kibarua hasa ndiye alikuwa chini ya wote. Mara nyingi alipewa kibanda na mkulima anayemfanyia kazi, pamoja na kipande cha kulima viazi, na kodi yake alikatwa kwenye siku za kazi. Yaani kazi ikiisha, nyumba imeisha siku hiyohiyo. Wazee wa Tanga na Korogwe waliokaa kwenye makambi ya mkonge hawahitaji kuelezwa hali hii. Nyumba ikiwa ya mwajiri, hata kuomba mlango urekebishwe unafikiria mara mbili.

Sasa mwambie mama wa nyumba hiyo, "Mama, zingatia usafi." Atakuitikia tu, kwa adabu.

SEHEMU YA 4: Njaa ilipopita na nyumba

Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uliozesha viazi shambani, mwaka baada ya mwaka. Katika njaa kuu hiyo watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kuhama. Wengi hawakufa kwa tumbo tupu peke yake. Walimalizwa na homa na kuhara. Homa moja mbaya ilienezwa na chawa, na chawa anapenda watu waliobanana, wasio na nguo za kubadilisha wala maji ya moto ya kufulia. Chumba kimoja kilikuwa mazingira yake hasa.

Serikali ilipohesabu tena mwaka 1851, zile nyumba karibu nusu milioni za daraja la nne zilikuwa zimebaki kama 135,000.

Tusidanganyane hapo. Hazikupungua kwa sababu watu walijengewa bora. Zilipungua kwa sababu waliokuwa wanakaa humo walikufa, walihama, au walifukuzwa na nyumba zikabomolewa. Kwenye karatasi za serikali namba inaonekana imependeza. Ndiyo maana mimi nikiona takwimu imeshuka ghafla, huwa nauliza kwanza: watu wake wako wapi?

SEHEMU YA 5: Sheria ya mwaka 1883

Vibarua waliobaki waliendelea kuishi vibaya kwa miaka mingine zaidi ya 30. Wakulima waliokodi mashamba walipigania haki zao na wakapata sheria za ardhi. Kibarua asiye na shamba alibaki pembeni.

Mwaka 1883 ikapitishwa sheria ya nyumba za vibarua wa Ayalandi. Kwa mara ya kwanza mamlaka ya afya ya eneo iliruhusiwa kuchukua ardhi kwa kuilipia fidia, kukopa pesa, kujenga nyumba, na kumpangisha kibarua kwa kodi ndogo, pamoja na nusu ekari ya bustani. Zingatia: waliopewa kazi hiyo ni mamlaka ya afya. Na sababu za kuikataa nyumba ya zamani ziliandikwa wazi: hewa, mwanga, mifereji ya maji machafu, ukosefu wa nafasi. Ukiisoma utadhani ni fomu ya kutembelea majumbani.

Ila sheria nzuri inaweza kuwekewa kikwazo. Ili mradi uanze, walitakiwa walipa kodi wa eneo 12 watie sahihi kwamba nyumba za vibarua hazifai. Na walipa kodi ni nani? Wengi ni wakulima walewale, ambao kodi yao ingepanda ili kibarua ajengewe. Wengi waligoma au walichelewesha. Miaka ya mwanzo nyumba zilijengwa polepole sana.

Vibarua wakajipanga. Mwaka 1894 kilianzishwa chama cha ardhi na vibarua, na mmoja wa viongozi wake, D. D. Sheehan, aliingia bungeni mwaka 1901 kutoka jimbo la Cork. Mwaka 1906 ikapitishwa sheria nyingine yenye fungu la pauni milioni 4.25 za mkopo, wa kulipwa kwa zaidi ya miaka 60, serikali ikibeba sehemu ya mzigo. Hapo ndipo kazi ilipokwenda mbio. Kufikia mwaka 1914 nyumba zaidi ya 40,000 zilikuwa zimejengwa, na ndani yake wakaishi watu kama robo milioni.

SEHEMU YA 6: Karibu ndani, vua viatu

Tuitembelee mojawapo. Ramani hazikufanana zote, ila ukishaona moja utazitambua nyingine ukipita barabarani.

Kuta ni za mawe, matofali au zege, zimepigwa plasta. Paa ni vigae vya mawe vilivyochanwa vyembamba, badala ya nyasi zilizokuwa zinavuja na kuhifadhi wadudu.

Ukiingia unakuta chumba kikubwa, ambacho ndicho jiko na sebule. Meko yako ukutani, na juu yake kuna bomba la kutolea moshi lililojengwa mpaka juu ya paa. Moshi una njia yake. Kwa mtoto mchanga anayelala karibu na mama anapopika, hili peke yake ni badiliko kubwa kuliko dawa nyingi ninazozijua.

Kando kuna vyumba vya kulala, viwili, wakati mwingine vitatu. Watu wa zama zile walisema sana habari ya adabu: wazazi kwao, wasichana kwao, wavulana kwao. Mimi kama nesi naona na jambo lingine, tutalifikia kwenye sehemu inayofuata.

Madirisha ni ya kioo na yanafunguka. Sakafu ni zege au vigae, unaweza kuifuta kwa maji ikakauka.

Toka nje kwa nyuma. Choo kiko mbali na nyumba. Banda la nguruwe liko mbali na nyumba. Samadi sasa ina mahali pake, kwenye kona ya bustani. Unakumbuka tulivyosema kila "uchafu" ulikuwa na sababu? Wamepewa nusu ekari, na baadaye sheria ikaruhusu hadi ekari moja, na sababu zikaondoka. Hakuna aliyemfundisha mama usafi upya. Alipata pa kuweka vitu.

Bustani nayo ni sehemu ya nyumba, usiione kama pambo. Viazi, kabichi, kuku wachache. Kule mayai yalikuwa pesa ya mama, anauza dukani, anarudi na chai na sukari. Mtoto anapata mboga ambayo baba hakuikatiwa kwenye mshahara.

Na kodi? Kama shilingi moja kwa wiki, wakati kibarua akipata takriban shilingi 10 kwa wiki. Shilingi ya Kiingereza hiyo, ndiyo iliyoizaa ya kwetu kwa jina. Sehemu moja kwa kumi. Nani kati yetu anayepanga mjini analipa sehemu moja ya kumi ya kipato chake?

La mwisho ndilo kubwa. Nyumba haikuwa tena ya mkulima anayemwajiri. Akigombana na bosi Jumatatu, Jumanne bado analala kwake.

SEHEMU YA 7: Chumba cha pili na kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amemwona mdudu anayeleta kifua kikuu. Tarehe hiyo ndiyo tunayoadhimisha kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Sheria ya nyumba za vibarua ilikuja mwaka mmoja baadaye.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kifua kikuu kiliua watu karibu 12,000 kwa mwaka Ayalandi, nchi ambayo watu wake wote hawakufika milioni 5. Wengi walikuwa vijana, wa umri wa kuzaa na kulea.

Mwaka 1907 Lady Aberdeen, mke wa mwakilishi wa mfalme, alianzisha chama cha kitaifa cha wanawake cha afya. Kilifanya kazi kubwa ya elimu, kwa mihadhara na maonyesho yaliyozungushwa nchini. Mashauri ni yaleyale tunayoyatoa leo: fungua madirisha, mgonjwa alale peke yake, makohozi yasitemwe hovyo, mtoto asilale na anayekohoa.

Mashauri sahihi kabisa. Sasa yapeleke kwenye nyumba mbili. Katika kibanda cha chumba kimoja, "mgonjwa alale peke yake" maana yake mgonjwa alale nje kwenye mvua. "Fungua dirisha" maana yake bomoa ukuta. Katika nyumba ya vyumba vitatu mama anafanya yote jioni hiyohiyo, bila kusoma kitabu chochote. Mama ni yuleyule, na upendo wake kwa mtoto ni uleule.

Wadudu wa kifua kikuu wanaelea hewani mtu akikohoa. Chumba kilichofungwa kinawakusanya, upepo unawatawanya, na mwanga wa jua unawaua. Ndiyo maana dirisha linalofunguka ni kifaa cha afya, hata kama halijaandikwa kwenye orodha ya vifaa vya zahanati.

SEHEMU YA 8: Ambacho nyumba haikuweza

Nisiwauzie nyumba kama dawa ya kila kitu.

Kwanza, hazikufika kote. Zilijengwa nyingi kusini na mashariki, kama Cork, Limerick na Tipperary. Magharibi, kwenye umaskini mkali zaidi, zilikuwa chache. Kule mwaka 1903 Lady Dudley alianzisha mpango wa manesi wa vijijini. Manesi hao walitembelea familia kwenye nyumba zilezile za zamani, wakizalisha na kuuguza penye moshi. Nawaheshimu sana wenzangu hao.

Pili, maji hayakuwa ndani. Mama na watoto waliendelea kubeba ndoo kutoka kisimani kwa miaka mingi. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1946 tu.

Tatu, kifua kikuu hakikuondoka kwa madirisha peke yake. Kilishuka sana baada ya dawa kugunduliwa miaka ya 1940 na chanjo ya BCG kusambazwa nchi nzima. Ni ileile anayochomwa mwanao akizaliwa, inayoacha kovu dogo begani.

Mwaka 1936 sheria nyingine iliwaruhusu wapangaji kuzinunua nyumba hizo. Ukipita vijijini Ayalandi leo bado utaziona: ndogo, imara, kila moja na bustani yake kando ya barabara. Nyingi zimeongezwa chumba nyuma, bafu na jiko la kisasa.

SEHEMU YA 9: Turudi kwako

Huna sheria ya mwaka 1883 mfukoni, najua. Wengine mnapanga chumba kimoja na mwenye nyumba ni mkali. Nachagua machache yanayowezekana.

Kama mnajenga, hata kama ni ya udongo, anzeni na hewa. Madirisha mawili yanayotazamana kwenye chumba cha kulala, upepo upite. Msikubali fundi awaambie dirisha moja dogo linatosha kwa sababu ya wezi; weka nondo, weka wavu wa mbu, lakini lifunguke. Inua msingi ili maji ya mvua yasiingie. Piga sakafu ya saruji mapema, hata kabla ya dari.

Jiko liwe na njia ya moshi. Kama linashindikana, pikia nje na mtoto akae mbali. Na usilale na jiko la mkaa ndani, hata kukiwa na baridi gani. Hewa yake inaua kimyakimya.

Choo kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na kisiwe upande wa juu ambako maji yanateremkia kisimani.

Kama mko chumba kimoja: fungua dirisha na mlango asubuhi mpaka jioni, anika godoro juani, na anayekohoa alale upande wenye dirisha, mbali na mtoto. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda zahanati ukapimwe. Kipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi kwenye vituo vya serikali.

Na wewe baba unayesoma kimyakimya: kabla hujamwambia mama watoto kwamba mtoto anaumwa kwa sababu hamwangalii, simama katikati ya chumba saa tisa usiku, mlango umefungwa, vuta pumzi. Halafu mzungumze kuhusu dirisha.

Niandikieni hapa chini nyumba yenu ina madirisha mangapi, na yapi hayafunguki. Sehemu ijayo tutaongelea maji: kisima, ndoo, na nani anayebeba.